Kutafuta Kelele kwenye Treni Ndogo za Darasani

Siku niliyoripoti kazini nilikabidhiwa kipande cha flana na kuambiwa nikae nacho mkononi, nisiguse kitu kingine chochote. Aliyenikabidhi alikuwa Msimamizi wa Chumba cha Mafunzo, mzee mwembamba mwenye miwani. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na cheti cha vyombo vidogo, yaani saa, mizani na mita. Nilidhani chuo cha reli kimeniita nikatengeneze saa za stesheni. Msimamizi akafungua mlango, nikaona reli.

Ilizunguka chumba kizima juu ya meza ndefu za mbao. Ilikuwa na stesheni, njia za kupishania, daraja, kilima, na ishara zilizoinua na kushusha mikono yake zenyewe. Juu yake vilisimama vichwa vya treni, kila kimoja kikiwa na urefu wa shibiri moja, na nyuma yake mabehewa ya kutosha kubeba njugu. Mimi ni mtoto wa Singe, hapa Babati, ambako reli haijawahi kupita. Treni ya kwanza kuipanda maishani ilikuwa ile iliyonipeleka chuoni siku mbili kabla. Nilisimama pale na flana yangu, nikashindwa kuzuia tabasamu.

"Ndugu Veronika," Msimamizi alisema, maana enzi hizo wote tulikuwa ndugu, "unafikiri hivi ni vya kuchezea watoto?"

"Sijui, Ndugu Msimamizi."

"Hapa ndipo mkuu wa stesheni anapojifunza kutoua watu. Akigonganisha treni hapa, tunaziokota tunazirudisha njiani. Huko nje hakuna kuokota."

Tabasamu likaisha.

Vijana huniuliza kwa nini kelele ya treni ndogo ilikuwa jambo kubwa kiasi cha kumlipa mtu mshahara aitafute. Ni hivi. Wanafunzi walikaa kwenye vibanda vilivyopangwa pembeni mwa chumba, kila kibanda kikiwa stesheni yake, na hawakuruhusiwa kuitana kwa mdomo. Waliwasiliana kwa kengele. Idadi fulani ya milio ilimaanisha "nakuomba njia," nyingine "treni imeingia kwenye njia," nyingine "simamisha kila kitu." Kichwa kikinguruma katikati ya kengele, mlio mmoja unapotea, na mlio mmoja ukipotea maana inabadilika. Mkufunzi wa Usalama wa Treni, mtu mkali aliyevaa tai hata Jumamosi, alikuwa akisema afadhali treni isitembee kabisa kuliko itembee ikipiga kelele.

Msimamizi alinifundisha polepole. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Kelele si ugonjwa. Kelele ni mgonjwa anayelalamika. Muulize anaumwa wapi." Na swali la kwanza haulizwi mgonjwa mwenyewe, huulizwa kitanda. Chukua kichwa kingine unachokijua ni kizima, kipitishe kwenye njia ileile. Nacho kikipiga kelele, basi tatizo ni reli chafu, au kiungo kilichoinuka, au meza yenyewe, kwa sababu ubao mpana ulio wazi chini hugeuka ngoma. Mafundi wengi walifungua vichwa visivyo na kosa kwa sababu ya skrubu moja ya meza iliyolegea.

Kama reli ni nzima, unakilaza kichwa chali juu ya flana iliyokunjwa kama susu ya mtoto, unakipa umeme kwa nyaya mbili, magurudumu yakizunguka hewani. Kikinyamaza, kelele inatokana na uzito au kingo za magurudumu. Kikiendelea, unatenganisha mota na gia, unaiendesha mota peke yake. Hapo umeshajua ugonjwa uko chumba gani cha nyumba.

Baada ya hapo ni masikio. Mlio mwembamba kama wa panya ni bushi iliyokauka, yaani kile kipete cha shaba kinachoshika ncha ya mhimili wa mota. Mngurumo mnene ni gia zilizobanana mno au kuachana mno. Kugonga mara moja kila gurudumu linapozunguka ni jino lililovunjika au uchafu ulionaswa kati ya meno. Na kama kichwa kinapanda kilima kimya lakini kinatetemeka kwa kelele kikishuka, basi mhimili una nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Dawa yake ni washa, yaani pete bapa nyembamba ya kuziba nafasi hiyo.

Kichwa changu cha kwanza nilikifungua nikiwa na hakika gia imekwisha. Nilibadilisha gia. Kikaendelea kulalamika. Nikabadilisha mota. Kikalalamika. Msimamizi alisubiri nimalize spea zote mezani, kisha akachukua kibano na kuvuta unywele mrefu uliokuwa umejiviringisha kwenye ekseli ya nyuma. Aliuinua juu kwenye mwanga, akautazama, akatazama kichwa changu.

"Ndugu, kesho njoo na kilemba."

Nilivaa kitambaa kichwani miaka yote iliyofuata, na hata sasa nikishika bisibisi mkono mmoja huenda kwanza kwenye nywele.

Kuhusu oili niseme kidogo. Tone linalobaki kwenye ncha ya sindano linatosha. Ukizidisha, oili inatambaa hadi kwenye kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota. Kaboni ikilowa, kelele itaisha kwa wiki moja na mota itaisha kwa mwezi.

Nilipokuwa nimeanza kujiamini, nikahamishwa. Chuo kilikuwa na upungufu, karakana kuu ya injini za dizeli nayo ilikuwa na upungufu zaidi, na mimi nilikuwa kijana asiye na watoto. Meneja wa Karakana alinipokea kwa maneno machache. "Huku hakuna flana. Huku ni nyundo." Nilipangwa kupima mita za injini zikiwa zinawaka, ndani ya jengo la bati. Tuliziba masikio kwa pamba, tukiipata. Jioni nilitoka na mlio kichwani uliodumu mpaka chakula cha usiku, na wenzangu waliniambia ndiyo dalili ya kuzoea. Nilikaa huko miaka mingi. Niliolewa huko, mwanangu Danieli alizaliwa huko, na nikawa Mama Danieli kwa kila mtu, hata kwa Meneja.

Msimamizi alipostaafu, nafasi ya Chumba cha Mafunzo ilitangazwa. Tuliomba wawili: mimi, na Hamisi, fundi umeme aliyekuwa chumba hichohicho muda wote niliokuwa mbali. Nikapewa mimi kwa sababu ya cheti. Hamisi hakulalamika, ila salamu zetu zikawa fupi. "Shwari, Mama Danieli." "Shwari, kaka Hamisi." Kisha kila mtu kwenye meza yake.

Basi ikafika siku ya mtihani wa mwisho wa wakuu wa stesheni. Wanafunzi walikuwa vibandani, wakaguzi kutoka makao makuu wamekaa mstari wa mbele, Mkufunzi wa Usalama amesimama katikati na tai yake. Vichwa vyote nilikuwa nimevikagua mwenyewe asubuhi, kimoja kimoja. Treni ya abiria ikatoka stesheni ya kwanza, ikaanza kupanda kilima. Nikaona wanafunzi wawili wakitazamana. Mkaguzi mmoja akafunga macho kama mtu mwenye jino bovu. Mkufunzi akainua mkono, treni zikasimamishwa.

"Mama Danieli," alisema, "huisikii hiyo?"

"Kitu gani, Mwalimu?"

Nilidhani anatania, na hakuwa mtu wa utani. Chumba kizima kilinigeukia. Aliamuru treni iendeshwe tena. Nikasogea karibu, nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa bati la kile kichwa. Nilisikia magurudumu kwenye viungo vya reli, tak-tak, tak-tak, na zaidi ya hapo ukimya. Hamisi alikuja kutoka upande wa pili, akakiinua kichwa, akaweka tone la oili kwenye bushi ya nyuma, akakirudisha. Nyuso za watu zikalegea. Kwangu mimi hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo lililonitisha.

Hospitali walinivalisha vitu masikioni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila ninaposikia mlio. Nilibonyeza, nikabonyeza, kisha nikakaa muda mrefu nikisubiri mlio unaofuata, mpaka muuguzi akaja kunitoa vile vitu. Daktari alisema sauti nyembamba zimekwenda na hazirudi, nene zitabaki kwa miaka mingi. Aliniuliza nimefanya kazi wapi. Nilipomwambia karakana ya dizeli akaandika bila kuuliza zaidi.

Nilirudi chuoni nikakaa uani kwenye lundo la mataruma ya zamani. Sikulia. Nilikuwa najaribu kukumbuka mara ya mwisho kusikia birika likipiga mluzi. Nyumbani kwa muda mrefu Danieli ndiye aliyekuwa akiniambia maji yamechemka, na nilidhani ni mtoto mwenye adabu.

Mkuu wa Chuo aliniita. Nilimkuta Hamisi ofisini kabla yangu, nikajua wanazungumzia nafasi.

"Mama Danieli, nimepata taarifa ya daktari," alisema Mkuu. "Pole sana. Bohari wanahitaji mtu mwangalifu. Mshahara haupungui."

"Mkuu, bohari nitahesabu bolti mpaka nizeeke. Nipe muhula huu mmoja. Gia nitazikagua kwa mikono."

"Na ule mlio wa juzi, mkono wako ungeushika?"

Mlio ule ulikuwa mwembamba mno, na kweli sikujua.

Hamisi akakohoa. "Mkuu, nitausikia mimi. Yeye atafute unatoka wapi."

"Wewe ni fundi umeme, Hamisi. Unataka kuwa masikio ya mtu?"

"Masikio ninayo mawili, Mkuu, na sijawahi kuyatumia yote. Muulize mke wangu."

Mkuu alicheka akiwa hajajiandaa kucheka. Kisha akatoa amri: hakuna kichwa kitakachoingia darasani mpaka sisi wawili tukubaliane. Mmoja akikataa, kinabaki kabatini.

Tulipotoka nilimwuliza Hamisi, "Kaka, ungekaa kimya tu nafasi ingekuwa yako. Kwa nini?"

"Sikuitaka kwa njia hiyo," alisema, akaenda kuchomeka transfoma.

Hivyo nikaanza kujifunza kazi upya nikiwa mtu mzima. Nilianza na kucha. Ukiigusisha kucha ya kidole kidogo kwenye mwili wa kichwa kinachotembea, bushi kavu inawasha kama upupu, na gia mbovu inapiga kama mshipa wa mkono. Kisha nikajaribu penseli. Msimamizi wa zamani alikuwa akiweka ncha moja kwenye mota na nyingine sikioni. Mimi niliing'ata kwa meno. Mara ya kwanza nilishtuka hata nikaiacha ianguke, kwa sababu nilisikia: mfupa wa taya ulileta kelele ndani ya kichwa changu, nene na wazi, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Ule mlio wa panya haukurudi hata kwa meno. Lakini kila kilicho chini yake kilirudi.

Msidhani mambo yalikuwa mepesi. Asubuhi moja darasa lilikuwa linasubiri, Hamisi alikisikiliza kichwa cha mizigo akasema kizima. Mimi nikiwa na penseli mdomoni nilitikisa kichwa kukataa.

"Sisikii kitu, Mama Danieli."

"Kinagonga. Kila gurudumu likizunguka."

"Unakisikia wapi?"

"Kwenye jino."

Mkufunzi wa Usalama akaingia, akauliza treni iko wapi, akaambiwa fundi anaisikia kwenye jino. Alinyoosha tai yake akatoka, jambo ambalo kwake lilikuwa tusi. Tulikifungua. Gia ya plastiki kwenye ekseli ilikuwa na ufa mwembamba kama unyuzi. Kabla juma halijaisha ikawa zamu yangu kupitisha kichwa nikiapa ni salama, na Hamisi akakikataa kwa sababu ya mlio nisioupata kabisa. Nilikasirika. Nilimwambia labda anautunga. Alikwenda nje akamwita mpishi wa chuo, akaendesha treni mbele yake. Mpishi aliziba masikio. Nikachukua sindano ya oili.

Tuliendelea hivyo mpaka mwisho. Salamu zetu zikarefuka. Nilijua habari za magoti ya mkewe, naye alijua habari za mashamba ya baba yangu Singe. Wakuu wa chuo walibadilika, watatu walipita, na kila mmoja mpya alishangaa kukuta mafundi wawili kwa treni moja, mpaka aambiwe sababu.

Kompyuta zilipokuja, wanafunzi walianza kujifunzia kwenye skrini, ambako treni hazina gia wala bushi. Mkuu wa mwisho alituita kwa heshima akatueleza. Meza zilivunjwa, reli zikang'olewa, vichwa vikapelekwa vilikopelekwa. Hamisi alihamishiwa umeme wa majengo. Mimi nilikuwa nimekaribia umri, nikastaafu. Niliagwa kwa soda, keki na hotuba ya Mkufunzi wa Usalama, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona bila tai. Aliongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida, akinitazama usoni ili nimpate.

Sasa ninaishi Bonga, kwenye njia ya kwenda Dodoma, na Danieli na mkewe, Mama Gift. Wanaonifahamu huleta cherehani na mizani ya dukani. Wasionifahamu huuliza mtu wa Babati treni aliionea wapi. Nikiambiwa habari za reli mpya ya umeme, huuliza kwanza mafundi wake wanavaa nini masikioni. Wananijibu wanavaa vizibo vizuri. Nafurahi. Vijana mlioko kwenye karakana, vaeni, hata wenzenu wakiwacheka. Sikio halina spea. Ni hilo tu ninalotaka mlichukue kwangu. Mengine ya gia na bushi mtayakuta kazini.

Mwaka huu, wakati wa kupepeta mbaazi, Hamisi alikuja. Tulikuwa hatujaonana tangu niondoke, na kwenye simu sikuwa nampata vizuri. Alishuka kwenye basi la Dodoma amevaa koti zito, kwa sababu watu wa joto wanaogopa baridi ya Babati. Amezeeka. Bila shaka naye aliona hivyohivyo kwangu.

"Shikamoo, baba," Mama Gift alimsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mama anakusumbua?"

"Kidogo tu."

Baada ya chai alifungua begi. Alikuwa amekuta kichwa cha treni kwenye mitumba ya vitu vya kuchezea, cha kijani, na vipande vya reli vinavyotosha duara moja. Alisema kinatembea lakini alikuwa hana amani nacho. Tulipanga reli kwenye meza ya sebuleni, tukaazima betri ya pikipiki ya Danieli. Kikatembea. Nikaweka kucha, nikahisi gia ziko salama.

"Unasikiaje?" nilimwuliza.

Hamisi aliinamisha kichwa kama zamani, upande wa kulia. Alisikiliza mizunguko kadhaa. "Kizima. Kimya kabisa."

Hapo hapo Mama Gift, aliyekuwa uani na ungo wa mbaazi, akaita kupitia dirishani. "Mama! Hicho kitu kinalia kama panya aliyebanwa mlangoni! Kimefanywaje?"

Tulitazamana na Hamisi. Alikiinua kile kichwa, akakisogeza mpaka kikagusa sikio lake, magurudumu yakizunguka, akakaa nacho hapo. Akahamishia sikio la pili. Niliona usoni mwake jambo nililolijua vizuri tangu siku ile ya wakaguzi.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Sijui, dada. Nani angeniambia?"

Nilimshika mkono. Kisha yeye ndiye aliyeanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka Mama Gift akaja mlangoni kuona kuna nini. Hamisi alimweleza: wazee wawili waliolipwa mishahara maisha yao yote kutafuta kelele, na kelele iko mezani, na hakuna hata mmoja anayeisikia.

"Sasa mtafanyaje?" aliuliza.

"Wewe kaa hapohapo dirishani," nilisema. "Endelea na mbaazi zako. Tukikuuliza, utujibu."

Nilileta oili ya cherehani na sindano. Tulifungua kifuniko. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama nta. Hamisi aliikwangua na mimi nikafuta. Tukatia tone bushi ya mbele, tukafunga, tukaendesha.

"Bado!" Mama Gift aliita.

Tukafungua tena. Bushi ya nyuma ilijificha chini ya waya ambao mtu aliyekitengeneza kabla yetu aliulaza vibaya. Hamisi alishika tochi na mimi nikashika sindano. Tone moja. Tukafunga, tukakirudisha njiani, kikaanza kuzunguka meza.

Uani ungo ulisimama. Mama Gift aliinua kichwa akasikiliza.

"Sasa kimenyamaza," alisema.

Tukamwamini.